Ustaarabu: nani yumo ndani ya neno hili?

Fulani ni mstaarabu. Unguja na Pemba hii ni sifa inayotosha kumwozesha mtu. Husemwa juu ya kijana anayempisha mzee kwenye daladala, jirani anayebisha hodi akangoja ajibiwe, muuza duka asiyempandishia mgeni bei. Lakini kila mazungumzo yanapogeukia historia, iwe barazani au darasani, hapakosi mtu wa kusema kwamba neno hili lina sumu: ndani ya ustaarabu amekaa Mwarabu, na kila tunapomsifu mtu kwa ustaarabu tunamwambia kuwa amefikia kiwango cha Uarabu. Wa upande wa pili hujibu kwamba huo ni uchokozi, kwamba neno limekuwa letu tangu enzi za mababu, na hakuna mama anayemkanya mwanawe huku akimfikiria Mwarabu. Naona ugomvi huu hauishi kwa sababu pande hizi mbili hazizungumzii matumizi yale yale ya neno. Kabla ya kufika huko lakini, inafaa tulifuate neno lenyewe lilikotoka na kulikopita, kwa sababu safari yake ni ya ajabu kuliko wanavyodhani wanaolitetea na wanaolipinga.

Kwamba asili yake ni Kiarabu, hilo halina mjadala. Mzizi ni ʿayn, ra na ba, na tamko ni istaʿraba. Kile kipande cha mbele, ista, tunakijua kwa maneno mengine tuliyoyachukua: starehe, stahiki, staajabu. Anayestaajabu ameingiwa na ajabu. Anayestaarabu, kwa sarufi hiyo hiyo, ameingia katika Uarabu. Niseme hapa kwamba wapo wanaoliunganisha neno hili na taarabu, wakasema taarabu ni muziki wa wastaarabu. Inapendeza kusikika, lakini taarabu imetoka kwenye ṭarab, yaani kuchemkwa na furaha au huzuni kwa ajili ya sauti nzuri, na ṭa yake ni herufi ya mzizi. Ile t ya ustaarabu ni ya kiambishi tu. Kiswahili kilipoiacha ʿayn na kuilainisha ṭa, maneno mawili yasiyo na undugu yakatoka kama pacha.

Sasa, istaʿraba na mtendaji wake, mustaʿrib, halikuja kwetu tu. Lilikwenda kwingi, na kila lilikofika lilimpata mtu wa namna yake.

Wanasaba wa kale wa Kiarabu waliwagawa Waarabu wenyewe kwa neno hili. Walisema wako Waarabu wa asili, al-ʿarab al-ʿāriba, kizazi cha Qahtan cha kusini, na wako Waarabu waliofanyika, al-ʿarab al-mustaʿriba, kizazi cha Adnan kinachofuatishwa mpaka kwa Nabii Ismail. Makureshi, kabila la Mtume, wamo katika fungu hili la pili. Busaidi waliokuja kutawala Zanzibar hujihesabu katika Azd, na Azd ni watu wa Qahtan. Kwa hesabu ya wanasaba, basi, neno hili halikuwamo katika sifa za watawala wetu kabisa. Lilikuwa la wengine, na miongoni mwa hao wengine ni ukoo ulio mtukufu kuliko wote kwa Muislamu.

Huko Andalusia, baada ya majeshi ya Waislamu kuvuka bahari mwaka 711, Wakristo waliobaki katika dini yao lakini wakaishi, wakavaa na kusema kama Waarabu ndio waliokuja kuitwa kwa Kihispania mozárabes, kutokana na mustaʿrib. Toledo ilirudi mikononi mwa mfalme Mkristo mwaka 1085, ila ibada yao ya namna ya pekee bado inaadhimishwa katika kanisa kuu la mji huo. Katika miji ya Sham, yaani Syria na jirani zake, Mayahudi wenyeji waliosema Kiarabu waliitwa kwa neno hilo hilo kuwatofautisha na wenzao waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Na leo hii, katika habari za Palestina, neno linatisha: mustaʿribin, au mista'arvim kwa Kiebrania, ni askari wa Israeli wanaovaa na kusema kama Wapalestina ili waingie kati yao na kukamata watu. Wakati huo huo, katika vyuo vikuu vya nchi za Kiarabu, mustaʿrib anaweza kuwa profesa wa Kizungu aliyetumia umri wake kusoma Kiarabu.

Mkristo wa Toledo, Yahudi wa Halab (Aleppo), askari aliyejibadili sura, profesa wa kigeni. Kwa wote hao neno linasema jambo moja: mtu ambaye si Mwarabu amechukua lugha au sura ya Mwarabu. Halisemi kwamba ana adabu. Halisemi kwamba ameendelea. Maana hiyo imezaliwa pwani yetu.

Na ingelikuwa taabu kuzaliwa Arabuni kwenyewe. Kiarabu kina neno al-aʿrāb, la mzizi huu huu, na wanaosoma Qur'ani wanajua linavyotajwa kwa ukali katika Surat At-Tawba aya ya 97. Wafasiri wetu huandika Mabedui. (Aya ya 99 inawatoa wale walioamini, na hilo pia lisisahauliwe.) Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba nchi zikitekwa na ʿarab huharibika upesi, na wasomi wengi wanakubaliana kwamba hapo alikusudia wahamaji wa jangwani. Maisha ya mjini, yenye ufundi, elimu na sheria, yeye aliyatafutia neno jingine, ḥaḍāra, na Waarabu wa leo wanalitumia hilo pamoja na tamaddun, lililotoka kwenye madina, mji. Mwambie Mwarabu wa Cairo kwamba kwetu kuwa na adabu ni kustaarabu, atacheka au ataona fahari. Lakini itabidi umfafanulie.

Basi ilikuwaje likapata maana hii huku?

Mwanahistoria Randall Pouwels ameeleza kwamba kabla ya karne ya 19 sifa ya mtu wa pwani aliyekamilika ilikuwa uungwana. Muungwana alikuwa mtu wa mji, mwenye ukoo unaojulikana, msikiti wake, nyumba yake na kaburi la babu yake. Halafu Sayyid Said, mtawala wa Oman, akahamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, jambo ambalo kwa kawaida huwekwa kwenye mwaka 1840, na pamoja naye vikaja mahakama, masheikh, majoho, majambia, biashara ya pembe na mashamba ya karafuu. Kipimo cha mtu bora kikahama. Pahala pa kusema fulani ni wa mji huu kwa miaka mia, ikawa fulani amejifunza mwenendo wa wale wa Ikulu. Uungwana ulimtazama mtu nyuma yake, kwa wazee wake. Ustaarabu ukamtazama mbele, kwa yule anayejaribu kufanana naye. Kisha mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na neno lililokua kwenye vichochoro vya mji mmoja wa kisiwani likapanda bara kwa vitabu vya skuli, likafika kwa watoto ambao hawakupata kumwona Mwarabu hata mmoja.

Wanaotaka neno liachwe wana hoja nzito hapa, na haifai kuifanya nyepesi. Neno hili lilipata nguvu katika dola iliyokuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikuwa halali mpaka amri ya 1897. Wakati mtu mmoja yuko dukani kwenye mzani wa pembe na mwengine yuko ndani ya mnyororo, kusema kwamba wema ni kufanana na yule wa kwanza si jambo la lugha pekee. Na kinyume cha ustaarabu kikafanywa ushenzi, na mshenzi kwa watu wa mjini alikuwa mtu wa bara. Kwa hiyo neno lilikuja na ramani: baharini wema, bara giza. Mwenye babu aliyeshushwa jahazini na kuuzwa hakosei anaposema kwamba ramani hiyo ilimweka chini.

Wanaolitetea nao wanasimama mahali imara. Maneno husahau wazazi wao. Adabu kwa Kiarabu ni mwenendo mwema na pia ni fasihi. Kwetu imebaki mwenendo, na ukimtia mtu adabu umemwadhibu. Fasihi kwa Kiarabu ni sifa ya msemaji mfasaha. Kwetu ni riwaya na ushairi wote. Tamaddun ya Waarabu, ambayo kwao ndiyo hasa ustaarabu wa miji na dola, kwetu imekuwa utamaduni, na leo tunasema utamaduni wa kabila ambalo halikupata kujenga mji, wala hatuoni mgongano. Tena tunasema ustaarabu wa Misri ya kale, tukikusudia mafarao walioishi maelfu ya miaka kabla Kiarabu hakijaandikwa. Msomaji hashtuki. Huo ni ushahidi mzuri kwamba Mwarabu ameshatoka ndani ya neno.

Wanaongeza hoja nyingine, ambayo kwa Zanzibar ni nzito kuliko ya isimu. Visiwa hivi vimelipa gharama kubwa kwa siasa ya kuulizana nasaba. Sensa za wakati wa ukoloni ziliwaweka watu katika mafungu, watu wakahama fungu kwa fungu kulingana na faida, na yalipofika Mapinduzi ya 1964 asili ya mtu ilikuwa jambo la kufa na kupona. Anayeanza kulisafisha neno kwa sababu limo damu ya Kiarabu, wanasema, ataishia wapi, na jirani mwenye damu hiyo hiyo atajisikiaje? Nakiri kwamba hofu hii naishiriki. Sitaki lugha iwe mahali pengine pa kuhesabiana mababu.

Tunaweza kujifunza kwa Waturuki. Katika mageuzi ya lugha yao, yaliyoongozwa na chama cha lugha kilichoundwa mwaka 1932, walitafuta neno la Kituruki la kushika nafasi ya medeniyet, neno la Kiarabu la mzizi wa madina. Wakaunda uygarlık, na wakalijenga juu ya jina la Wauyghur, watu wa jamii ya Kituruki wa Asia ya Kati waliosifika kwa kuanza mapema kuishi mijini. Yaani walilikimbia neno la kigeni linalotaja mji, wakaunda la kwao linalotaja watu. Walifanya kwa makusudi kile ambacho pwani yetu ilikifanya taratibu bila kikao. Wala medeniyet haikufa. Maneno yote mawili yakaishi, na kwa muda mrefu chaguo la mtu kati yake lilitosha kuonyesha mwelekeo wake wa siasa. Anayedhani kwamba kamati ikitangaza neno jipya ugomvi utakwisha, atazame huko.

Wengi wanaopinga ustaarabu hupendekeza turudi kwenye uungwana. Nalipenda neno hilo. Methali zetu zinalipenda pia: muungwana ni kitendo, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Lakini tusirudi tukiwa tumefumba macho. Muungwana, kwa maana yake ya kwanza, ni asiye mtumwa. Bila mtwana hakuna muungwana. Viatu mguuni na kofia kichwani vilikuwa alama zake, na ndiyo maana watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji wa Zanzibar, walipopata uhuru wao walikimbilia kanzu, kofia na kanga, wakavaa kile walichonyimwa. Tukilitupa neno moja kwa sababu linanuka utumwa, hatuwezi kulichukua jingine lililozaliwa ndani yake.

Hata hivyo uungwana una jambo ambalo wanaopendekeza neno hili mara nyingi hawalitaji. Lilivunjwa mipaka na watu wa chini. Mvumbuzi wa Kizungu Stanley alipofunga safari kutoka pwani mwaka 1874, wapagazi wake wa Zanzibar aliwaita Wangwana, na miongoni mwa wapagazi wa misafara ya namna ile walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Pwani walikuwa watwana. Wakivuka Ziwa Tanganyika walikuwa waungwana, kwa sababu walikuwa na kanzu, Kiswahili na jina la Zanzibar, na nani angewauliza? Mashariki ya Kongo Kiswahili chenyewe kikaitwa Kingwana kutokana na watu kama hao. Kule methali ya muungwana ni kitendo ilitimizwa na watu ambao kwa kuzaliwa hawakuwa na haki ya neno hilo. Neno linaweza kukombolewa, basi, na linakombolewa kwa kutumiwa na wale liliowafungia mlango. Naamini jambo hilo limeshatokea kwa ustaarabu katika maisha ya kila siku. Bibi wa Makunduchi anayesema mjukuu wake ni mstaarabu amelitwaa neno, na hakuna sultani wa kumnyang'anya.

Wapo pia wa kusema utu. Neno zuri, letu, la mzizi ulioenea kusini mwa Afrika yote, lisilo na bwana wala mtwana ndani yake. Shida ni kwamba utu ni wa mtu mmoja mbele ya mwenziwe. Hausemi kitu juu ya miji, maandishi, sarafu na sheria.

Na hapo ndipo naona tofauti inayosahauliwa. Tunapozungumzia tabia, ustaarabu umekwisha kuwa neno la Kiswahili tupu na kulifuta ni kazi bure. Tunapozungumzia historia, hali ni nyingine. Chukua sentensi ambayo kizazi baada ya kizazi kimeisikia kwa namna moja au nyingine: Waarabu walileta ustaarabu pwani ya Afrika Mashariki. Hapa Mwarabu hajatoka ndani ya neno hata kidogo. Sentensi imeshashinda kabla ya ushahidi kuletwa, kwa sababu ukisema ustaarabu ni kuwa kama Mwarabu, ni nani mwengine angeweza kuuleta? Mwanafunzi anayapokea maneno yenyewe kama ndiyo hoja.

Ushahidi ukiletwa, mambo hayaendi hivyo. Unguja Ukuu ilikuwa bandari inayofanya biashara ya ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Sayyid Said. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Pemba kuna magofu ya Ras Mkumbuu, na ngome ya Pujini ambayo watu wanaihusisha na mtawala wa kale Mkama Ndume. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisema watu wa Mombasa ni watu wa dini, waliojistahi, wema, na misikiti yao ya mbao imejengwa imara. Wakazi wengi wa Kilwa aliwaita Zunuj, weusi sana, wenye chale usoni. Yeye Mwafrika wa Tangier, msomi wa Kiarabu, aliuona wema kwa watu hao bila kuwadai wawe Waarabu kwanza. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulionyesha kwamba upande wa akina mama asili ni Afrika kwa sehemu kubwa sana, na kwamba wageni wanaume waliochanganyika nao tangu kiasi cha mwaka 1000 walikuwa hasa wa asili ya Kiajemi. Nasaba ya Arabuni inaonekana zaidi baada ya 1500. Wazee wetu waliojiita Washirazi, yaani wa asili ya Shiraz huko Uajemi, walidhihakiwa na baadhi ya wasomi kwa miaka mingi. Walikuwa na cha kusimulia. Kwa vyovyote, kuiita miji ile kazi ya kustaarabu ni kuipachika jina la wageni waliokuja baadaye.

Uislamu ulikuja na herufi, fiqhi na kalenda, na mlango wake mkubwa ulikuwa Kiarabu. Anayelikanusha hilo kwa kuwa hataki kumpa Mwarabu sifa anaidhulumu historia kwa upande wa pili. Mtu aliyejifunza kusoma alijifunza kwa herufi za Kiarabu, na inawezekana sana kwamba katika masikio ya wazee wengi kustaarabu kulikuwa na maana ya kuelimika kuliko kufuata mabwana. Yote hayo yasemwe wazi wazi, kwa majina yake: dini, maandishi, sheria, biashara, ujenzi wa chokaa na mawe ya matumbawe. Kila kimoja kina asili na tarehe yake, na vingine wenyeji walikuwa navyo kabla ya mgeni yeyote. Neno ustaarabu likiwekwa juu yake yote hufunika tofauti hizo.

Ningeomba BAKIZA, ambalo ndilo baraza lenye dhamana ya lugha hapa kwetu, lizitenge maana hizi mbili kamusini, na asili ya neno iandikwe bila kuona haya. Maana ya mwenendo mwema ibaki ilivyo. Maana ya hatua ya maendeleo ya jamii iwekewe tahadhari kwa waandishi wa vitabu vya historia. Na mwalimu wa skuli ya Kizimkazi, ambaye msikiti ule uko mwendo wa miguu kutoka darasani kwake, awapeleke watoto wakasome maandishi ya kibla, wapige hesabu ya kutoka Hijra hadi Miladia, waulize chokaa ilichomwaje na matumbawe yalichongwa na mafundi wa wapi. Somo zima linaweza kwisha hapo bila mtu kuhitaji kusema nani alimstaarabisha nani.